Nakala ya talaka Arusha na Moshi: uanzie mahakamani au RITA?

Mama mmoja kutoka Ngaramtoni aliingia kwangu asubuhi, mashine ya fotokopi hata haijapata moto. Nina meza ya kuchapa barua na kutoa nakala karibu na mahakama hapa Arusha mjini, kwa hiyo watu wa namna yake nimewazoea: bahasha ya kaki kaibana kwapani, macho yanatafuta wa kumuuliza. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na mikunjo imeshaanza kukatika. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba fulani amemwacha mkewe talaka moja, mwaka 2006, chini kuna sahihi ya mume na alama za dole gumba za mashahidi wawili.

"Mwanangu," akaniambia, "benki wamenirudisha. Wanasema hii si talaka. Sasa talaka ni ipi?"

Alikuwa anataka mkopo, na dhamana ni nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa biashara ya nguo za mnadani. Sheria ya Ardhi hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ndiyo maana benki humbana mwombaji aonyeshe kama ana mume au hana, na akisema waliachana, wanataka karatasi. Alikuwa ameshakwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka, wakamwelekeza mahakamani. Mahakamani wakamuuliza namba ya shauri. Namba hana, kwa sababu shauri halikuwahi kuwepo.

Karatasi zinazoitwa "talaka" mtaani ziko za aina nne, na kosa kubwa ninaloliona hapa mezani ni mtu kwenda ofisi sahihi na karatasi isiyo yenyewe.

Ya kwanza ni kama ile ya mama wa Ngaramtoni: barua ya mume, au maandishi ya shehe, au ya wazee wa ukoo waliokaa kikao. Ya pili ni fomu ya baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Wengi huiita fomu namba tatu. Ya tatu ni hukumu ya mahakama pamoja na dikrii yake, yaani hati fupi ya amri iliyotolewa. Ya nne ni cheti cha talaka cha RITA.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 imetaja mambo yanayomaliza ndoa: kifo, mahakama kutamka kwamba mwenzi anadhaniwa amekufa, ndoa kubatilishwa, talaka iliyotolewa na mahakama, na talaka ya nje ya nchi ikitambuliwa kwa masharti ya sheria hiyo. Barua ya mume haimo. Fomu ya baraza nayo haimo, ingawa bila fomu hiyo kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka. Kwa ndoa ya Kiislamu, sheria imesema kwamba baraza likishashindwa kupatanisha, kisha mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama itakubali kuwa ndoa imevunjika na itatoa talaka. Lakini ni mahakama inayoitoa. Aliyeachana Unguja au Pemba ana habari nyingine, kwa kuwa huko kuna Mahakama ya Kadhi na sheria hii ya Bara haifiki.

Moshi naona mkanganyiko wa namna yake. Mtu amehangaika miaka na mahakama ya kanisa mpaka ndoa yake ikatamkwa kuwa batili, akaja akidhani amemaliza kila kitu. Amemaliza upande wa kanisa tu. Serikali bado inamhesabu kuwa ana ndoa mpaka apitie mahakama ya nchi.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya karatasi ya tatu na ya nne.

Mahakamani

Huku ndiko kwenye shina. Talaka inazaliwa hapa, na hapa ndipo jalada linapolala. Tatizo ni kujua mahakama ipi, maana sheria imezipa mamlaka ya mashauri ya ndoa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Ukiwa unaishi Arusha lakini uliachana Moshi, usipoteze nauli ya daladala kuzunguka mahakama za Arusha. Panda Coaster, ni kama kilomita 80 tu, uende ilipotolewa hukumu. Na kama mmoja wenu alikata rufaa, jalada la chini huitwa juu, kwa hiyo la mahakama ya mwanzo unaweza kulikuta mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu.

Nilikwenda na shangazi yangu kutafuta yake. Aliachika mwaka 1997 kwenye mahakama ya mwanzo huko Kilimanjaro. Alikumbuka jina la hakimu na alikumbuka kwamba siku ile ilinyesha, namba ya shauri hakuwa nayo. Karani, kijana ambaye mwaka ule pengine alikuwa hajaanza shule, hakutufukuza. Alituambia tuandike barua ya maombi, tutaje majina ya wote wawili kama yalivyokuwa wakati wa shauri, mwaka, na kama tunakumbuka, mwezi. Kisha akaleta rejista, daftari kubwa la jalada gumu lenye mgongo uliobandikwa gundi ya karatasi. Akawa anashuka na rula, mstari kwa mstari. Ukurasa wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Wa tano shangazi akaweka kidole: "Huyu hapa, ila si mimi." Jina lake la Kichaga lilikuwa na L mahali pa R, na jina la pili wameandika la mume badala ya la baba yake. Tarehe ikalingana, jina la mume likalingana. Namba ya shauri ikapatikana pale. Jalada lenyewe lilikuwa stoo, tukarudi wiki iliyofuata.

Yaani namba ya shauri ndiyo ufunguo, na ukiwa nayo kazi imepungua zaidi ya nusu. Itafute nyumbani kabla hujatoka: kwenye samansi ya zamani, kwenye risiti ya ada, kwenye barua ya wakili, hata nyuma ya picha. Nimewahi kuikuta kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mama aliiandika pembeni asiisahau.

Ukishapata jalada, omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama na sahihi ya ofisa mwenye mamlaka. Fotokopi tupu haifiki popote. Malipo yanapitia namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na risiti unapewa. Anayetaka umpe noti mkononi "asukume" mambo, mwache.

Kuna njia ya kusaidia kutafuta bila kutoka nyumbani: tovuti ya TanzLII, inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania, ina hukumu nyingi na kuisoma ni bure. Zaidi utakuta za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kama shauri lenu lilipanda juu, andika majina pale, unaweza kupata namba na tarehe kwa dakika moja. Ila unachokichapisha kutoka kwenye simu si nakala iliyothibitishwa. Ni cha kukuonyesha njia.

RITA

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini ulianza mwaka 2006, ukachukua kazi ambayo zamani ilikuwa ya ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Watu wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, lakini ndoa na talaka pia zinasajiliwa huko. Wilayani, msajili kwa kawaida utampata kwenye majengo ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

RITA haitoi talaka. Inaiandika ile iliyokwisha kutolewa, kisha inatoa cheti. Kwa hiyo kama yako haijawahi kusajiliwa, watakutaka dikrii iliyothibitishwa, na cheti cha ndoa nacho ukichukue kabisa. Unarudi pale pale mahakamani. Na usidhani kwamba kwa kuwa hakimu alitamka talaka, basi huko RITA jina lako limeshaandikwa. Uliza kwanza kama imesajiliwa. Jibu likiwa ndiyo, hapo RITA inakuwa njia nyepesi kuliko mahakama, hasa kwa mtu aliyepoteza karatasi zote. Likiwa hapana, safari ni mbili.

Cheti kina uzuri wake. Ni karatasi moja, ya sura inayofahamika, haina masimulizi. Ofisa wa ubalozi ambaye hajawahi kusikia habari za mahakama ya mwanzo anakielewa akikitazama tu.

Ipi kwa shida ipi

Benki inaridhika na dikrii iliyothibitishwa. Mirathi vilevile, pale ndugu wanapobishana kama marehemu alikuwa amemwacha mke au la.

Unayetaka kufunga ndoa upya, uliza mapema kwa atakayefungisha, awe mchungaji, shehe au ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mimi nashauri uende na vyote viwili. Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na ndani yake unataja hali yako ya ndoa. Nimeona kadi za mwaliko zimeshagawiwa na ukumbi umelipiwa, bibi harusi ndiyo kwanza anatafuta jalada la 2011. Anza miezi kadhaa nyuma.

Safari ya nje, ajira au viza, cheti cha RITA ndicho kinachopita kwa urahisi, ukiambatanisha dikrii. Hapa lugha inaingia. Hukumu ya mahakama ya mwanzo iko kwa Kiswahili, na za mahakama za juu kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2021 nyingi ziko kwa Kiingereza. Ya Kiswahili itabidi itafsiriwe na mwenye kutambulika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo. Usimpe kijana yeyote mwenye kompyuta, mimi mwenyewe nakataa kutafsiri hukumu ingawa naombwa kila mwezi. Baada ya hapo uliza ubalozi husika kama wanataka pia muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Kama jambo ni mgawanyo wa mali, matunzo au watoto, hapo unahitaji hukumu nzima, maana sababu na maelezo ya mahakama yamo mle.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Watu wanapeleka hukumu nzima mahali ambapo dikrii ingetosha. Dikrii inasema nani na nani, tarehe gani, ndoa imevunjwa, na amri zilizotolewa. Hukumu inasimulia. Mle kuna nani alimpiga nani, nani alilala wapi, shahidi jirani alisema nini, mtoto ni wa nani. Dada mmoja aliniletea ya kurasa kumi na moja nitoe nakala tano: ya benki, ya mwajiri, ya shule, ya mwenye nyumba, na moja ya akiba. Nikamuuliza, "Dada, umeisoma?" Akasema hakuwahi kuimaliza, ilimliza ukurasa wa tatu. Sasa alikuwa anakwenda kuiacha kwenye meza nne za watu asiowajua. Nilimwomba arudi masjala aombe dikrii peke yake. Alirudi siku ile ile. Karatasi yenye maisha yako ndani iombe yote, lakini itoe pale tu inapodaiwa.

Kwenda mwenyewe, wakili, au "yule kijana wa nje"

Kama unajua mahakama na mwaka, nenda mwenyewe. Wakili atakutoza kwa kazi ambayo barua moja ya maombi ingeifanya. Mlipe pale jalada linapokosekana kabisa, au mwenzako anapinga, au uko nje ya nchi na huwezi kusafiri, ambapo utamwandikia hati ya uwakilishi. Jalada likikosekana, omba mahakama ikujibu kwa maandishi, kisha tafuta nakala kwingine: kwa mwenzako, kwenye mahakama ya rufaa, RITA. Hayo wakili anayajua kupanga.

Asiye na fedha asikate tamaa. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako. Moshi kuna shirika la KWIECO, ambalo limewasaidia wanawake kwa miaka mingi.

Vishoka ni habari nyingine. Mzee mmoja alilipa kijana aliyemkuta nje ya geti moja, siku ya pili akaletewa "hati ya talaka ya 2003". Aliniletea nitoe nakala. Karatasi nyeupe pe, haina hata alama ya mkunjo, na wino wa muhuri bado ulikuwa unaacha zambarau kwenye kidole changu. Jina la wilaya kwenye muhuri limekosewa herufi. Nilimketisha nikamwambia taratibu, kwa sababu angeipeleka kwenye mirathi ya mkewe wa kwanza na kesi ingemgeukia yeye. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Fedha haikurudi.

Mlioachana nje

Wako pia wanaorudi nyumbani kuoa au kuolewa wakiwa wameachana ughaibuni. Mwaka jana alikuja dada wa Moshi aliyeishi Houston. Aliandikia ofisi ya takwimu za uhai ya jimbo la Texas, akapata barua ya uthibitisho tu, kanisani wakaikataa. Huko Marekani jalada la talaka hukaa kwenye kaunti shauri liliposikilizwa. Texas ni kwa karani wa mahakama ya wilaya wa kaunti hiyo, na kwa Houston sehemu kubwa ni kaunti ya Harris. Ofisi ya jimbo ina faharasa ya talaka kuanzia 1968, inathibitisha kwamba ipo, lakini dikrii haina. Ukiilinganisha na kwetu, kaunti inasimama mahali pa mahakama, na jimbo linafanana kidogo na RITA, tofauti ni kwamba RITA inakupa cheti kamili. Aliagiza dikrii iliyothibitishwa kutoka kaunti, ikamfikia, mambo yakaendelea. Wageni wanaokuja Arusha kufunga ndoa wakiwa waliwahi kuoa, ushauri ni huo huo: uje na dikrii ya mahakama, barua ya jimbo haitakutosha.

Mama wa Ngaramtoni hakuwa na la kutafuta kwenye rejista yoyote, ilibidi aanze mwanzo. Nililazimika kumweleza jambo zito zaidi ya mkopo: kwa macho ya sheria alikuwa bado mke wa mtu, barua ya 2006 haikubadili kitu, na nyumba aliyoijenga peke yake ingeweza kudaiwa kuwa mali ya ndoa. Mahakama ikigawa mali hutazama mchango wa kila mmoja, kwa hiyo nikamwambia akusanye risiti za saruji, za mabati, na mkataba wa kiwanja. Alikuwa nazo zote, kwenye kopo la maziwa.

Alikwenda baraza la kata. Mume aliitwa, akafika, akasema hana la kupatanisha. Fomu ikatoka, shauri likafunguliwa mahakama ya mwanzo. Mume hakudai nyumba. Miezi kadhaa baadaye mama aliingia tena na bahasha mpya, akaniomba nimtolee nakala tatu za dikrii kabla hajaipeleka RITA kusajiliwa. Nikamuuliza ile karatasi ya daftari iko wapi. Akasema imebaki mahakamani kwenye jalada, wameigonga muhuri, imeandikwa kielelezo namba moja.